Kwenda Pangani na Mkono Mpya

Swali la kwanza niliulizwa Roehampton, kusini magharibi mwa London, mbele ya meza iliyojaa vikombe vya plastiki, vibanio vya nguo na vipande vya mbao. Mama wa mazoezi, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kutumia mikono bandia, alishika kalamu akaniuliza, "Unataka mkono huu ukusaidie kufanya nini?" Nikamjibu bila kufikiri, "Kula wali."

Akaandika. Nilipochungulia karatasi nikaona ameandika kushika uma. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi? Ningemwambia kwamba kwetu Pangani mkono niliopoteza ndio mkono wenyewe, wa kula, wa kupokea, wa kutoa, wa kuamkia wakubwa, na kwamba uliobaki una kazi zake ambazo hazisemwi mezani? Angejaza ukurasa mzima, na nje ya mlango kulikuwa na wengine wanangoja.

Mkono wangu wa kulia ulichukuliwa na mashine ya kukandia unga, mahali nilipokuwa nikifanya kazi ya usiku. Mambo hayo yana wakili wake na sitayaandika hapa. Madaktari walikata katikati, baina ya kiwiko na kifundo, na kiwiko kikabaki kizima. Kila mtaalamu niliyekutana naye aliniambia kwamba kiwiko ni utajiri. Wakati ule nilitamani kuwapiga nacho.

Kwenda Roehampton unashuka Putney, unapanda basi la ghorofa, unapanda nalo kilima. Kuna majumba marefu ya zege ya mtaa wa Alton, yaliyojengwa miaka ya 1950, na nyuma yake kuna lango la Richmond Park, ambako kulungu wenye pembe za matawi hutembea kama mbuzi wa mtu. Wanangu walikuwa wananisindikiza kwa ajili ya kulungu, si kwa ajili yangu, na nawasamehe. Hospitali ya Queen Mary's ilianza hapo mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamke aitwaye Mary Eleanor Gwynne Holford alikutana na askari aliyepoteza mikono yote miwili, akaapa kwamba atatafuta mahali pa watu kama yeye. Wakapata Roehampton House, jumba la kitajiri la mwanzoni mwa karne ya 18, na bustani zake zikajaa vijana wanaojifunza kutembea na kushika. Askari wa Uingereza waliopoteza mkono au mguu katika vita ile walikuwa zaidi ya 41,000. Leo jengo la hospitali ni jipya, lakini kazi ni ile ile, na unapokaa kwenye ukumbi wa kungojea huoni haya: huyu hana mguu, yule hana vidole, mtoto wa miaka minne anachezea mkono wake bandia kama mwanasesere.

Nilipokuwa nikisoma habari hizo nilikumbuka kwamba vita hiyo hiyo ilifika kwetu. Novemba 1914 walipigana Tanga, na baadaye makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa wakibeba mizigo ya majeshi yote mawili. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na jeshi hilo la wapagazi. Mpagazi aliyerudi kijijini na mkono mmoja, nani alimuuliza anataka kufanya nini? Nasema tu.

Sasa habari ya mkono wenyewe, maana najua kuna wasomaji wenye ndugu aliyekatwa kiungo na hawajui kinachofanyika.

Walinipa mikono miwili. Wa kwanza ni wa umeme. Sehemu inayovaliwa, ambayo mafundi huiita soketi, hutengenezwa kwa kufuata umbo la gutu lako, na ndani yake mna vipande viwili vya chuma vinavyogusa ngozi. Kimoja kimekaa juu ya msuli unaokunja kifundo, kingine juu ya msuli unaokikunjua. Ukikaza wa kwanza, mkono unafumba. Ukikaza wa pili, unafumbua, kwa mlio mdogo kama wa cherehani ya mbali. Uzito wake si mkubwa kwenye mizani, lakini umening'inia mwisho wa gutu fupi, na kufika saa kumi jioni ni kama umebeba ndoo.

Kukaza msuli wa mkono usiokuwapo si jambo la kueleza kirahisi. Kifundo sina, nikunje nini? Mama wa mazoezi akaniambia, "Fumba ngumi ya zamani." Ajabu ni kwamba ngumi ya zamani ipo. Vidole vyangu vilivyokatwa navihisi hadi leo. Usiku kidole gumba huniwasha, na siku za baridi huhisi kimejikunja ndani ya kiganja na kugoma kunyooka. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliandika habari za viungo vya namna hii katika miaka ya 1870, akaviita viungo vya mzimu. Basi nilifumba ngumi ya mzimu na ngumi ya plastiki ikafumba mbele yangu. Nililia. Mama wa mazoezi akanisogezea boksi la tishu bila kusema neno, na kikombe cha plastiki nilichokuwa nimekishika kikapondeka, kwa sababu nilisahau kuacha kukaza.

Hapo ndipo penye kazi. Mkono huu hauna hisia. Haujui kama umeshika yai au nyundo, na haujui kama umeshika au umeachia. Macho ndiyo yanakuwa vidole. Kwa wiki nyingi nilihamisha vibanio vya nguo kutoka waya mmoja hadi mwingine, nikashika kikombe chenye maji bila kukiponda, nikakunja taulo, nikavuta zipu. Mazoezi ya kitoto, na yanachosha kichwa kuliko mwili. Siku niliyofunga kamba za viatu vya mwanangu kwa mara ya kwanza nilichelewa kumfikisha shule kwa dakika ishirini, na mume wangu alisimama mlangoni ameficha mikono nyuma, anajizuia asinisaidie. Kama una mtu wa hivi nyumbani, huo ndio msaada mgumu kuliko yote.

Mkono wa pili hauna umeme. Ni kulabu ya chuma yenye ncha mbili zinazobanana kwa nguvu ya mipira mizito. Mkanda unapita mgongoni hadi kwapa la upande wa pili, na kutoka kwenye mkanda huo unakuja waya. Ukisukuma mkono mbele au ukikunjua mabega, waya unavutika na kulabu inafumbuka. Ukilegea, inafumba. Ilibuniwa na Mmarekani, D. W. Dorrance, aliyepoteza mkono wake kwenye mashine ya kupasulia mbao, na akapata hataza yake mwaka 1912. Haina uzuri wowote. Mama wa mazoezi alipoitoa kabatini niligeuza uso. "Utaipenda," akasema. Nikasema moyoni, labda nikiwa baharia.

Mkono wa umeme, kwa upande wake, una glovu ya rangi ya ngozi. Nililetewa ubao wa rangi nichague, na rangi yangu haikuwapo: kulikuwa na chai ya maziwa na kulikuwa na kahawa tungu. Nikachukua kahawa. Wakaniambia niiangalie sana, maana glovu hizo hunywa rangi. Wino wa gazeti tu unatosha kuiharibu.

Mwezi wa Februari binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Pangani. Mimi ndiye shangazi wa bibi harusi. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake: shangazi hapokei kadi ya mwaliko, shangazi ndiye mwenye shughuli. Nilikuwa sijarudi tangu ajali. Kwa simu nilikuwa nawaonyesha uso tu.

Uwanja wa ndege waliupangusa mkono wangu kwa kitambaa cha kupimia baruti na kuniachia niende. Kwa wenye mikono ya umeme, betri za akiba ziwekeni kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Mengine ya safari mnayajua wenyewe: ndege, joto la Dar es Salaam mlangoni kama mvuke wa sufuria, basi hadi Tanga, na kutoka Tanga kilomita hamsini hivi za kushuka kusini baina ya minazi na mashamba ya mkonge, mpaka unapouona mto ukiingia baharini na kivuko kikivusha watu kwenda Bweni.

Nyumbani nilivaa mkono wa umeme. Nilitaka wanione mzima. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Nikainama kuubusu mkono wake kama desturi, nikautoa wangu. Akaushika, akaugeuza, akaubonyeza kiganja, akaninusia glovu. "Wa baridi kama samaki wa barafu," akasema. Kisha akauachia, akalishika gutu langu kwa juu, pale penye nyama, akalikamata hivyo hivyo muda wote alipokuwa akiniuliza habari za watoto.

Watoto wa mtaani ndio walioupenda. Walijipanga uani nikifumba na kufumbua, na mmoja akauliza usiku unalala wapi. Nikawaonyesha chaja. Umeme ulipokatika jioni ile alikuja mbio kunipa pole kwa niaba ya mkono.

Lakini Februari ya Pangani si Februari ya London. Kaskazi ilikuwa imekaza, na kufika saa tano asubuhi soketi ilikuwa imejaa jasho. Roehampton walinitahadharisha kwamba jasho huvuruga mawasiliano ya ngozi na vile vipande vya chuma, ila kutahadharishwa na kuona ni vitu viwili. Mkono ulianza kufumba wenyewe. Ulifumbua nilipokuwa nimeshika bilauri ya sharubati, ikaanguka. Na alasiri ya siku ya pili walikuja wageni wa upande wa bwana harusi, mimi nikiwa mlangoni kama inavyonipasa. Bibi mmoja mtu mzima akanipa mkono. Nikaupokea. Mkono ukafumba, na haukufumbuka.

Nilikaza msuli wa kufumbua mpaka bega likatetemeka. Hakuna. Nyuma yake wanawake wanane wanangoja kuingia, mikono imetangulia. Yule bibi, Mungu ampe umri, hakujivuta. Alinisogelea kama aliyetaka kuninong'oneza jambo, akasema, "Usiniachie, mwanangu, mpaka nimalize kulipa mahari." Waliokuwa karibu wakacheka. Kufumba na kufumbua macho, vidole vikaachia.

Wengine niliwaamkia nimefunga mikono kifuani. Usiku ule kulikuwa na wali wa nazi na changu wa kupaka, masinia yamewekwa juu ya mikeka, wanawake sita sita. Niliwasikia wakiniita. Nikasema nimeshakula. Nilikula chumbani, kwa kijiko, nimekaa juu ya sanduku langu, mlango nimeurudishia.

Asubuhi yake niliuacha mkono wa umeme juu ya kabati nikavaa kulabu chini ya buibui.

Jikoni hapana nafasi ya kujisikitikia. Kulikuwa na nazi hamsini za kukunwa. Nilitoa ubao niliokuja nao, wenye misumari miwili inayosimama, ambao unachomeka kitunguu kikatulia huku ukikikata kwa mkono mmoja. Dakika tano baadaye ubao haukuwa wangu tena: walikuwa wanaugombania wenye mikono miwili. Mimi nikakaa juu ya mbuzi. Nilibana ukingo wa kifuu kwa kulabu, nikakizungusha kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu nikasikia ile sauti ya meno ya mbuzi kwenye nazi, ikitoka kwangu. Nazi ya kwanza ilinichukua robo saa. Ya nne nilikuwa nikisengenya kama wenzangu.

Ya saba, waya ukakatika. Kulabu ikabaki imeng'ata kifuu, na mimi sina njia ya kuifumbua. Nilisimama na nusu nazi mwisho wa mkono. Jiko zima liliangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini, na safari hii nami nilicheka. Bibi harusi mtarajiwa, ambaye hatakiwi kuonekana nje, ndiye aliyekuja kuninasua, ametanua zile ncha kwa vidole vyake vyote huku ananiambia, "Shangazi, achia, hiyo nazi si yako."

Kaka alinipeleka kwa fundi baiskeli karibu na kivuko. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza ni kitu gani, kimetoka wapi, kinavutwa na nini. Aliutazama waya mara moja. "Si waya wa breki huu?" Akatoa mpya kwenye boksi, akaukata, akaupitisha kwenye ganda lake, akafunga mwisho, akaniambia nivute. Nikavuta. Ikafumbuka. "Iko nzito," akasema, akatia tone la mafuta, nikavuta tena, ikawa nyepesi kuliko siku niliyoipewa. Shilingi elfu mbili. Nikampa noti kwa mkono wa kushoto nikisema, "Samahani kwa kushoto," kama tulivyofundishwa. Alikuwa ameshageukia gurudumu la mtu mwingine.

Harusi ilipita salama, na ya harusi sitayamaliza. Ila la hina nilitaje. Usiku wa hina fundi wa kuchora alimaliza mkono wangu wa kushoto, maua ya hina na piko mpaka kwenye kiwiko, akaniambia, "Na wa pili." Nikamwambia wa pili uko juu ya kabati. "Si uletwe?" Mtoto akatumwa. Ukaletwa umefunikwa kanga kama kichanga, ukawekwa mapajani mwangu, na yule mama akaanza kuuchora bila kuinua macho, anausifu kwamba hauchezicheze kama wa wengine. Nilikumbuka maneno ya Roehampton kuhusu glovu kunywa rangi. Nikanyamaza.

Lakini kwenye sinia bado sikuwa nimekaa. Siku tatu za shughuli nilipata kila mara udhuru, mara nahudumia wageni, mara tumbo. Nilijua vizuri kwamba mwenye udhuru hana lawama katika dini, na hakuna aliyenilaumu. Ilikuwa picha tu: mkono wa kushoto unaingia katika wali wa watu sita.

Baada ya harusi nilipanda kwenda Moshi, ambako mdogo wangu anafanya kazi. Njia hiyo naipenda: Muheza, Segera, Korogwe, kisha milima ya Usambara na baadaye ya Upare inakusindikiza upande wa kulia, na chini yake safu za mkonge zimenyooka kama zimechanwa kwa kitana. Soketi ilikuwa imenichubua, na mdogo wangu akasema twende pale KCMC, kwenye karakana ya viungo bandia. Nilikuwa sijui kwamba Moshi kuna chuo kinachofundisha mafundi hao, TATCOT, tangu mwaka 1981, na kwamba wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Sisi tulio nje huwa tunadhani vitu hivi viko kwa Wazungu peke yake.

Karakana inanukia plasta na plastiki iliyopashwa moto. Wanachukua umbo la gutu kwa plasta, wanajaza wapate sanamu yake, wanaichonga, kisha bapa la plastiki linatiwa tanuri mpaka linalegea na kufunikwa juu ya sanamu. Miguu imening'inia ukutani kama mikungu ya ndizi. Fundi kijana aliitazama soketi yangu ya London, akapapasa ndani kwa kidole gumba, akapaona panaponichubua kabla sijamwonyesha. Akapasha moto ukingo, akausukuma nje kidogo sana, akapiga msasa. Akaniuliza nani amenitilia waya wa baiskeli. Nikamwambia. "Huyo mwiteni hapa afundishe," akasema.

Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja, miaka sabini hivi. Naye hana mkono wa kulia. Ulikwenda na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, alipokuwa kijana, katika shamba mojawapo nililopita njiani. Kulabu yake ilikuwa nyeusi kwa uzee, na amekuja kubadilisha mikanda. Hakuniuliza chochote kuhusu ajali yangu. Aliniuliza kama naweza kuwasha kiberiti. Nikasema siwezi. Akanionyesha: boksi kwenye kulabu, njiti mkononi, na mkono wa kulabu hauendi popote, unatulia, wa kushoto ndio unaokwenda. Nilikuwa nikifanya kinyume mwaka mzima.

Mchana tulikwenda kula kwa mama lishe nje ya geti, mimi, mdogo wangu na yule mzee. Akaagiza ugali na samaki. Maji ya kunawa yalipozungushwa, mzee alinawa mkono wake wa kushoto taratibu, katikati ya vidole, kama anayetawadha. Akamega tonge. Akamkaribisha aliyekaa mbele yake achukue samaki katika sahani yake, na yule mtu, ambaye hakuwa akimjua, akachukua. Nilingoja mzee aseme samahani kwa kushoto. Hakusema. Alikuwa anaongea habari za mbolea.

Nilirudi Pangani siku mbili kabla ya kuondoka. Nyumba ilikuwa imeshapoa, wageni wamekwenda, wamebaki wenyewe. Usiku shangazi akapakua sinia moja: wali, mchuzi wa kamba, pilipili ya embe. Tulikuwa watano. Nilinawa. Nikakaa. Mtu akishatumia mkono wa kushoto kwenye sinia la duara kuna jambo ambalo halijui mpaka afanye: kiwiko chake kinagongana na cha jirani wa kushoto, maana yule anakuja kwa kulia. Tonge langu la kwanza lilimwagikia mapajani mwa mke wa kaka. Nikasita.

Shangazi alikuwa upande wa pili. Magoti yanamuuma, na kumwinua chini ni kazi ya watu wawili. Akajiburuta juu ya mkeka, akamsukuma mke wa kaka asogee, akakaa yeye upande wangu wa kushoto. "Mimi sina haraka," akasema, akatia mkono katika wali. Tuligongana viwiko mpaka sinia likaonekana chini. Alikuwa ndiye aliyenifundisha kula pembeni yangu, si katikati, nikiwa na miaka mitatu, na mara moja tena usiku ule akanipiga kofi dogo la mkono kwa kuvuka mpaka.

Roehampton sasa ni baridi. Mama wa mazoezi aliuona waya wa baiskeli akaupiga picha awaonyeshe wenzake. Aliiona na glovu. Hina ya mkono wangu wa kushoto ilishafutika zamani, lakini kwenye glovu maua yote yapo, mpaka kwenye kucha, na piko imekuwa kama imepigwa chapa. Akasema ataniagizia mpya. Nikamwambia angoje kwanza, hii bado haijachanika.